Kikombe na Kiasi: Karamu za Wayunani wa Kale

Kwa watu wengi kikombe ni kikombe tu: ni chombo cha kutilia kinywaji, nacho kikivunjika hutupwa na kununuliwa kingine. Kwa Wayunani wa kale, yaani wenyeji wa nchi ambayo leo huitwa Ugiriki, haikuwa hivyo. Kwao kila chombo cha karamuni kilikuwa na umbo lake, jina lake na kazi yake, na vyote pamoja vilitumika kwa jambo moja, nalo ni kuweka kiasi. Wayunani waliipenda divai, lakini waliiogopa pia. Walijua ya kuwa kinywaji kiwapatanishacho watu jioni huweza kuwagombanisha kabla ya mapambazuko. Kwa hiyo waliizungushia divai sheria, kama vile mkulima azungushiavyo ua shamba lake.

Somo hili laeleza vyombo hivyo na desturi za karamu, kisha laeleza yaliyowapata wale waliouvunja ua huo. Miaka yenye alama ya K.K. ni ile ya kabla ya kuzaliwa Kristo, nayo huhesabiwa kwa kurudi nyuma.

CHUMBA CHA WANAUME

Karamu ya Wayunani ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza watu walikula chakula. Kisha, meza zilipokwisha kuondolewa, ndipo walipoanza kunywa. Sehemu hiyo ya pili iliitwa simposio, na maana ya neno hilo ni "kunywa pamoja".

Nyumba ya mtu mwenye uwezo ilikuwa na chumba maalumu kwa kazi hiyo, kilichoitwa androni, yaani chumba cha wanaume. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua vyumba vingi vya namna hiyo, hasa katika mji wa Olynthus, ulioangamizwa na mfalme Philip wa Makedonia mwaka 348 K.K. Vyumba hivyo hutambulikana upesi, kwa sababu mlango haukuwekwa katikati ya ukuta, bali ulisogezwa upande mmoja ili vitanda vipate kupangwa mfululizo kandokando ya kuta. Mara nyingi vitanda vilikuwa 7 au 11. Kila kitanda kilichukua mtu mmoja au wawili, nao waliegemea kiwiko cha mkono wa kushoto juu ya mto, mkono wa kuume ukabaki huru kwa kula na kunywa. Kwa kuwa vitanda vilizunguka chumba chote, kila mgeni aliwaona wenzake wote, na hakuna aliyekaa nyuma ya mwingine.

Desturi ya kula huku mtu ameegemea haikuanzia Uyunani. Katika mashairi ya Homer mashujaa huketi vitini. Desturi hiyo ilitoka nchi za mashariki. Katika jumba la British Museum, mjini London, limo jiwe la kuchongwa la karne ya 7 K.K. lililotoka Ninawi, nalo lamwonyesha mfalme Ashurbanipal akinywa bustanini hali ameegemea kitandani, na malkia wake ameketi kitini karibu naye.

Chakula chenyewe hakikuwa cha fahari kubwa. Walikula mkate wa shayiri au wa ngano, zeituni, jibini, samaki, mboga na tini. Nyama ililiwa zaidi siku za kutoa dhabihu. Wote walikula kwa vidole. Walipokwisha kushiba, watumwa waliondoa meza, wakafagia sakafu, wakaleta maji ya kunawa mikono, na mataji ya maua au ya majani kwa kuvaa kichwani.

DIVAI NA MAJI

Matone ya kwanza ya divai hayakuwa ya watu. Yalimiminwa kwa heshima ya miungu yao, na wageni wakaimba wimbo wa sifa kwa pamoja. Baada ya tambiko hilo walimchagua mmoja wao awe mkuu wa meza. Pengine alichaguliwa kwa kupiga dadu, ili mtu asiseme kwamba tajiri amependelewa. Mkuu wa meza ndiye aliyeamua mambo mawili makubwa: divai itiwe maji kiasi gani, na mabakuli mangapi yanywewe usiku ule.

Kutia maji katika divai lilikuwa jambo la lazima. Hesiod, mshairi aliyekuwa pia mkulima, na aliyeishi mnamo mwaka 700 K.K., aliwashauri watu watie sehemu tatu za maji kwa sehemu moja ya divai. Wengine walitia maji sehemu tano kwa divai sehemu mbili, au mbili kwa moja. Kinywaji kilichopatikana kwa kipimo cha Hesiod kilikaribia nguvu ya bia. Kunywa divai tupu, isiyotiwa maji, kulihesabiwa kuwa tabia ya washenzi wasiojua adabu.

Mshairi mmoja wa michezo ya kuchekesha, jina lake Eubulus, aliyeishi Athens katika karne ya 4 K.K., alimwonyesha mungu wa divai, Dionysus, akiwapimia watu wenye busara mabakuli matatu tu. Baada ya hayo matatu, bakuli la nne huleta matusi, na kila bakuli lifuatalo huzidisha ubaya: makelele, ngumi, mashtaka, na mwisho wake wazimu. Watu walicheka, lakini walielewa.

VYOMBO NA KAZI ZAKE

Divai ilisafirishwa na kuwekwa katika amfora, mtungi mrefu wenye vishikio viwili. Amfora za merikebuni zilikuwa na kitako kilichochongoka, zipate kupangwa vizuri ndani ya chombo bila kuanguka. Divai ya visiwa vya Chios, Lesbos na Thasos ilisifiwa sana, na huko Thasos vishikio vya mitungi vilipigwa muhuri.

Maji yaliletwa katika hidria, mtungi wenye vishikio vitatu: viwili vya ubavuni kwa kuinulia, na cha tatu cha nyuma kwa kumiminia. Kisha divai na maji vilikutana katika kratera, bakuli kubwa lenye mdomo mpana, lililowekwa katikati ya chumba mbele ya macho ya watu wote. Jina lake latoka katika neno lenye maana ya kuchanganya. Kuwekwa kwake mahali pa wazi kulikuwa na maana: hakuna aliyeweza kujichanganyia chake kwa siri. Wote walikunywa kinywaji kimoja chenye nguvu moja.

Kuanzia mwishoni mwa karne ya 6 K.K. palitengenezwa pia, kwa muda, psiktera, chombo chenye umbo kama la uyoga. Kilitiwa ndani ya kratera ili kuipoza divai. Mtumwa aliteka kinywaji kwa kata au kwa gudulia dogo lenye kishikio kimoja, liitwalo oinokoe, akawazungukia wageni.

Vikombe vilikuwa vya namna nyingi. Kiliki kilikuwa kikombe kipana kisicho na kina kirefu, chenye mguu na vishikio viwili. Umbo hilo lilimfaa mtu aliyeegemea, kwa maana aliweza kunywa bila kuinua sana kichwa. Skifo kilikuwa kikombe chenye kina, kantaro kilikuwa na vishikio virefu vilivyopanda juu ya mdomo wake, na ritoni kilifanana na pembe au kichwa cha mnyama. Fiale kilikuwa kibakuli kisicho na kishikio, cha kumiminia tambiko.

Viliki vingi vilichorwa macho mawili makubwa upande wa nje. Mnywaji alipokiinua kikombe kinywani, wenzake waliona macho hayo yakiwatazama kama uso wa bandia, na vishikio vikawa kama masikio. Ndani, kwenye sakafu ya kikombe, palikuwa na picha iliyofunikwa na divai, ikaonekana kwa kadiri mtu alivyozidi kunywa. Katika mji wa Würzburg, Ujerumani, kimo kikombe cha mapema karne ya 5 K.K. chenye picha ya kijana anayetapika, na msichana amemshika kichwa. Aliyekimaliza kikombe hicho alikuta chini yake fundisho lililomhusu.

Watu wa Sparta, waliosifika kwa ushupavu wa vita, walipenda kikombe chao cha safari, kothoni. Inasimuliwa kwamba mdomo wake uliokunjwa kwa ndani ulizuia matope, hata askari alipoteka maji machafu njiani aliweza kunywa yaliyo safi kidogo.

KAZI YA WAFINYANZI

Mafundi wa Athens waliishi katika mtaa ulioitwa Kerameikos. Udongo wa nchi yao una chuma ndani yake, hivyo ukichomwa huwa mwekundu. Rangi nyeusi ing'aayo haikuwa rangi ya dukani, bali ilitokana na udongo ule ule, uliochujwa mpaka ukawa laini kabisa. Ufundi wote ulikuwa katika tanuru. Kwanza hewa iliachwa iingie, chombo kikawa chekundu. Kisha matundu yalizibwa na kuni mbichi zikatiwa, moshi ukakifanya chombo kizima kuwa cheusi. Mwisho hewa iliruhusiwa tena: penye udongo wa kawaida pakarudia wekundu, lakini penye udongo uliochujwa pakabaki pameusi. Mfinyanzi aliyekosea wakati wa kuziba au kuzibua alipoteza kazi ya siku nyingi.

Mwanzoni michoro ilikuwa myeusi juu ya udongo mwekundu. Mnamo mwaka 525 K.K. mafundi waligeuza njia, wakaacha michoro iwe myekundu na kuipaka weusi sehemu iliyobaki. Baadhi yao waliandika majina yao juu ya vyombo, na majina hayo yangali yasomeka. Exekias alichora ndani ya kiliki, mnamo mwaka 530 K.K., picha ya Dionysus akisafiri katika mashua ambayo mlingoti wake umeota mzabibu, na pomboo wanaizunguka. Kikombe hicho kimo Munich, Ujerumani. Euphronios alichora kratera kubwa ichukuayo lita 45 hivi. Iliibwa kaburini nchini Italia, ikauzwa Marekani mwaka 1972, na baada ya mabishano marefu ikarudishwa Italia mwaka 2008.

Vyombo na divai vilifika mbali. Mwaka 1953 huko Vix, Ufaransa, ilifukuliwa kratera ya shaba nyeusi katika kaburi la mwanamke mkuu wa watu wa huko. Kimo chake ni meta 1.64, uzito wake kilo 208, nayo huchukua lita 1,100 hivi. Kwa upande wa kusini, katika karne ya 1 baada ya Kristo, baharia mmoja wa Misri aliandika kwa Kiyunani kitabu cha safari za Bahari ya Hindi, kiitwacho Periplus. Humo yatajwa pwani ya Afrika ya Mashariki, ambayo yeye aliiita Azania, na bandari yake ya Rhapta. Asema kwamba katika baadhi ya bandari hizo wafanya biashara walipeleka divai kidogo na ngano, si kwa kuuza, bali kwa kujipatia urafiki wa wenyeji.

KIASI KILIPOLINDWA

Palipokuwa na kiasi, simposio ilikuwa shule ya watu wazima. Wageni waliimba kwa zamu, mmoja akimpa mwenzake tawi la mhadasi awe ndiye anayefuata. Walisema mashairi, walitegana vitendawili, walizungumza habari za mji. Walikuwa pia na mchezo ulioitwa kotabo: mtu alirusha masimbi ya divai kutoka kikombeni ili yapige shabaha.

Simposio ijulikanayo kuliko zote ni ile iliyoandikwa na Plato. Yasimulia karamu ya mwaka 416 K.K. nyumbani kwa Agathon, aliyekuwa ameshinda kwa mchezo wake wa kuigiza. Wageni walikuwa wamechoka kwa ulevi wa jana yake. Wakakubaliana kwamba mtu asilazimishwe kunywa, wakampa ruhusa mpiga filimbi aende zake, wakaamua kila mmoja atoe hotuba juu ya upendo. Kitabu kilichotokana na usiku huo kingali chasomwa na wanafunzi wa dunia nzima.

Hata sikukuu za watu wote zilikuwa na kanuni. Huko Athens, siku ya pili ya sikukuu ya divai mpya iliyoitwa Anthesteria, kila mtu alipewa gudulia lake peke yake, lenye lita 3 na zaidi kidogo, naye alikunywa kimya, bila kusema na jirani. Walisimulia kwamba desturi hiyo ilianza alipofika Orestes, mwenye damu ya mama yake mikononi. Mfalme hakutaka kumfukuza mgeni, wala hakutaka watu wachangie chombo na muuaji. Basi akaamuru kila mmoja awe na chombo chake. Hivyo ukarimu ulitimizwa bila kuvunja mwiko.

Huko Sparta wanaume walikula pamoja kila siku, na kila mmoja alitoa mchango wake wa unga wa shayiri, divai, jibini na tini. Lakini mwanafalsafa Aristotle aliikosoa desturi hiyo, kwa sababu maskini aliyeshindwa kutoa mchango alipoteza haki yake ya uraia.

Kosa hilo halikuwa la Sparta peke yake. Katika simposio ya Athens mke wa mwenye nyumba hakuingia, wala dada zake, wala binti zake. Wanawake waliokuwamo ni wale walioajiriwa au waliomilikiwa, kwa kupiga filimbi, kucheza na kuwafurahisha wanaume. Watumwa waliochanganya divai hawakupewa nafasi vitandani. Plutarch asimulia kwamba watu wa Sparta waliwalevya kwa nguvu watumwa wao, kisha wakawaleta mbele ya vijana, ili vijana wauone ubaya wa ulevi. Somo la kiasi lilifundishwa kwa kumdhalilisha mtu ambaye hakuwa na uwezo wa kukataa. Kiasi cha Wayunani kilikuwa kiasi cha wenye nguvu, nacho kilikwisha mlangoni mwa androni.

UA ULIPOVUNJWA

Wayunani hawakukubali kwamba ulevi ni udhuru. Pittacus, aliyetawala Mytilene katika kisiwa cha Lesbos mwanzoni mwa karne ya 6 K.K., aliweka sheria kwamba mtu akitenda kosa hali amelewa, adhabu yake iwe kubwa kuliko ya mtu asiyelewa. Hoja yake ni nyepesi: mlevi amekosa mara mbili, kwanza kwa kulewa, kisha kwa kutenda.

Herodotus asimulia habari za Cleomenes, mfalme wa Sparta, aliyeshikwa na wazimu akajikatakata kwa kisu mpaka akafa. Watu wengine walisema ni adhabu ya miungu. Watu wa Sparta wenyewe walisema sababu ni kwamba alijifunza kwa wageni wa Scythia kunywa divai tupu.

Mwaka 415 K.K. mji wa Athens ulikuwa ukiandaa merikebu nyingi kwenda kupigana Sicily. Usiku mmoja sanamu za mungu Hermes zilizosimama njiani zilivunjwa nyuso. Katika uchunguzi, watu waliokuja kutoa habari walisema pia kwamba katika nyumba fulani vijana wa tabaka la juu waliigiza kwa mzaha ibada takatifu za Eleusis. Aliyetajwa miongoni mwao ni Alcibiades, mmoja wa majemadari wa safari hiyo. Aliitwa arudi kushtakiwa, akatoroka, akaenda kuwasaidia adui zake wa Sparta. Mwaka 413 K.K. jeshi la Athens liliangamia kule Sicily.

Lakini habari ya kusikitisha kuliko zote ni ya Alexander Mkuu. Mwaka 334 K.K., katika vita vya mto Granicus, rafiki yake Cleitus alimwokoa na upanga uliokuwa ukimshukia kichwani. Miaka sita baadaye, katika mji wa Maracanda, ambao leo ni Samarkand nchini Uzbekistan, wawili hao walikunywa kupita kiasi. Cleitus alimkosoa mfalme mbele ya watu. Maneno yakazaa maneno, Alexander akanyakua mkuki akamchoma, akafa pale pale. Mfalme alijifungia akilia, akakataa kula. Majuto ni mjukuu, huja kinyume: mtu aliyetwaa falme nyingi hakuweza kuurudisha uhai wa rafiki mmoja.

VIGAE

Hata kikombe kilipovunjika kazi yake haikuwa imekwisha. Katika karne ya 5 K.K. raia wa Athens walikuwa na haki ya kumfukuza mjini, kwa miaka 10, kiongozi waliyemwogopa. Kila mtu aliandika jina juu ya kigae. Karibu na kilima cha Acropolis, kisimani, vilikutwa vigae 190 hivi vyenye jina la Themistocles, na vingi ni vitako vya viliki. Vikombe vilivyowapa watu furaha usiku vilikuwa kura zao mchana.

Basi, kwa Wayunani, karamu na mji havikuwa mbali. Waliamini kwamba watu wasioweza kujitawala wakiwa wachache chumbani, wenye bakuli moja mbele yao, hawataweza kujitawala wakiwa maelfu barazani. Hawakuifuata imani hiyo sikuzote, wala hawakuwafungulia mlango watu wote. Lakini vyombo vyao vingali vyaonyesha walivyojua: kratera katikati ya chumba, maji kwanza, kipimo kilichokubaliwa na wote, na mkuu wa meza ajuaye wakati wa kusema kwamba sasa yatosha.

MASWALI YA KUJIFUNZIA

1. Kwa nini kratera iliwekwa mbele ya macho ya wageni wote?
2. Mkuu wa meza alikuwa na madaraka gani?
3. Eleza jinsi mfinyanzi wa Athens alivyopata rangi mbili kwa udongo mmoja.
4. Sheria ya Pittacus ilikuwa nini, na je, ilikuwa ya haki?
5. Ni watu gani waliofungiwa nje ya simposio, na jambo hilo lapunguzaje sifa zake?